Kusoma na kuandika: maswali ya wazazi wa watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka, mlangoni pa darasa asubuhi, kwenye kikao cha wazazi na kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Anayejibu ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Mzazi wa Mombasa, Unguja au Bujumbura naye atakuta mengi yanamfaa. Majibu yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. KKK ni nini hasa, na kwa nini inapewa uzito mkubwa hivi?

KKK ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika 2015 ulipunguza utitiri wa masomo ya zamani na kuzipa stadi hizi tatu sehemu kubwa ya muda wa mtoto shuleni. Kulikuwa na sababu. Upimaji wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 8 tu ya watoto wa darasa la pili waliweza kusoma Kiswahili na kukielewa kwa kiwango cha kuwatosha kuendelea na masomo mengine. Watoto walikuwa wanapanda madarasa huku kitabu hakifunguki kwao. Mtaala mpya uliingia madarasani Januari 2024, lakini KKK imebaki kuwa kiini cha madarasa haya.

2. Mtoto aanze kufundishwa kusoma akiwa na umri gani?

Maandalizi huanza kabla ya penseli. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayeimba, anayetega vitendawili na kusimuliwa hadithi tayari anajenga sikio la kusomea. Herufi zenyewe huanza darasa la awali, na kusoma kwa mpangilio huanza darasa la kwanza, wengi wakiwa na miaka 6 au 7. Usishtuke jirani akikwambia mwanawe wa miaka minne anaandika jina lake. Kuandika jina mara nyingi ni kuchora umbo alilolizoea, na mtoto anayechelewa kidogo kwenye hilo hajapoteza kitu.

3. Mwalimu anamfundisha "mmm" badala ya "em". Kipi sahihi?

"Mmm" ndiyo sahihi. Tunafundisha sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto aliyetoka kituo cha kulelea watoto akiwa anaimba "ei, bii, sii" anakutana na neno *mama* na kusema "em-ei-em-ei", kisha anakutazama akingoja umwambie ni nini. Aliyefundishwa sauti anasema m-a, *ma*, m-a, *ma*, na neno linajitokeza mdomoni mwake.

Wazazi wengi tulipita kwenye "ma me mi mo mu" ya ubaoni, na silabi zile bado ni nguzo ya kusoma Kiswahili. Kilichobadilika ni kwamba mtoto anaanza kwa kuijua sauti ya *m* na sauti ya *a*, kisha anaziunganisha mwenyewe kupata *ma*. Akiijua njia hiyo, silabi ngeni haimtishi. Nyumbani fuata njia ya mwalimu, maana mtoto anayesikia "em" jioni na "mmm" asubuhi hujikuta hana njia hata moja.

4. Tukae naye kwa muda gani kila siku?

Dakika 10 hadi 15, kila siku, zinashinda saa mbili za Jumapili. Mtoto asome kwa sauti na mtu mzima amsikilize bila kushika kazi nyingine. Kama ningepewa nafasi ya kuwaomba wazazi wote jambo moja tu, ningeomba hili. Darasani mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku (tazama swali la 21). Nyumbani inawezekana.

## Kusoma

5. Anasoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini nikifunika picha anakwama. Kwa nini?

Kwa sababu hasomi, amekariri. Amewasikia wenzake wakiimba ukurasa huo darasani, ameuona mkulima kwenye picha, na "Baba analima shamba" inamtoka bila jicho kugusa herufi. Hiyo si ujanja mbaya, ina maana ana kumbukumbu nzuri. Ila ukiridhika hapo, utagundua tatizo akiwa darasa la tatu.

Kulijua ni rahisi. Mwambie asome sentensi ya mwisho kwanza, kisha ya katikati. Weka kidole chini ya *shamba* peke yake. Halafu andika kwenye karatasi sentensi mpya kwa maneno yaleyale: "Shamba la baba". Mtoto anayesoma atasoma, aliyekariri atasema "Baba analima shamba" kwa kujiamini kabisa. Ukiona hivyo, usimwambie "kumbe hujui". Rudi kwenye silabi za maneno hayohayo, mle ndani ya hadithi anayoipenda.

6. Silabi zote anazijua, ila maneno marefu yanamshinda. Nifanyeje?

Kiswahili kina maneno yanayobeba sentensi nzima. *Hawajatuambia* ni neno moja, lakini lina silabi saba: ha-wa-ja-tu-a-mbi-a. Mtoto akifika kwenye *a* ya mwisho amekwisha kusahau *ha* ya mwanzo.

Msaidie kusoma kwa mafungu. Funika neno kwa kipande cha karatasi, fungua *hawaja*, asome. Fungua *tu*, asome *hawajatu*. Fungua *ambia*, amalizie. Kisha alitamke neno zima kwa mkupuo, kama anavyolisema akiwa anacheza. Hatua hii ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayomfanya mtoto asikie kwamba alichokisoma ni neno analolijua. Viambishi kama *ana-*, *wame-*, *hatu-* vinajirudia kila ukurasa, na baada ya muda jicho lake litavikamata kwa mara moja.

Angalia pia kama tatizo ni silabi changamano: *mbwa, nyw, ngw, chw, ng'*. Mtoto anaweza kuwa imara kwenye *ba be bi* na asijue kabisa la kufanya na *kunywa*.

7. Anasoma haraka na vizuri, lakini nikimuuliza amesoma nini hajui. Hilo ni tatizo?

Ndiyo, tena ni tatizo linalojificha sana katika Kiswahili. Herufi zetu zinasomeka karibu vilevile kila zinapotokea, kwa hiyo mtoto akizijua sauti anaweza kusoma kwa sauti hata gazeti la babake, na sisi wazazi tukafurahi. Kumbe ametamka tu. Wazazi wengi nawaona wanatulia mapema mno kwa sababu ya sauti hiyo nzuri.

Baada ya kila ukurasa, muulize swali moja. "Nani alikwenda kisimani?" ni mwanzo mzuri, kisha songa mbele: "Kwa nini alirudi bila maji? Wewe ungefanyaje?" Akishindwa, asome tena taratibu. Angalia pia msamiati. Kama hadithi inataja *ghala* au *mtumbwi* na yeye hajawahi kuona wala kusikia vitu hivyo, mweleze kwanza. Mtoto wa Dodoma na mtoto wa Mafia hawaanzi na maneno yaleyale.

8. Anatakiwa asome maneno mangapi kwa dakika?

Tanzania iliweka kigezo cha maneno 50 kwa dakika, kwa kuelewa, anapomaliza darasa la pili. Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza madarasani 2015, iliweka 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza kwa darasa la pili. Usifikiri Kiswahili kilionewa. Maneno yetu ni marefu zaidi, na *hawajatuambia* la swali la 6 lingekuwa maneno kadhaa kwa Kiingereza.

Ukitaka kupima, chukua hadithi ambayo hajaisoma, tumia saa ya simu, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa katika dakika moja. Fanya hivyo mara moja kwa muhula. Mtoto anayepimwa kila jioni huanza kukimbia, na anayekimbia anaruka maneno na kurudi kwenye shida ya swali la 7.

9. Naweza kujua yuko ngazi gani bila kungoja ripoti ya shule?

Unaweza, kwa njia inayofanana na ile iliyotumiwa na Uwezo, mpango wa kupima nyumba kwa nyumba usomaji wa watoto wa Afrika Mashariki. Andaa karatasi moja yenye silabi kumi, maneno kumi mafupi, aya ya sentensi nne na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili yenye maswali mawili. Aanze na aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Ikimshinda, shuka kwenye maneno, kisha silabi. Pale anaposoma bila kuhangaika ndipo mlipo, na hapo ndipo mnaanzia, hata kama yuko darasa la nne.

## Kuandika

10. Ameandika "mama ameeda sokoni kunua samaki". Mbona anaruka herufi?

Hapa pana makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

*Ameeda* badala ya *ameenda* ni kosa la sikio. Katika *nda* sauti ya *n* ni fupi na imeshikamana na *d*, mtoto anazisikia kama kitu kimoja na kuandika ile aliyoisikia kwa nguvu. Utaona pia *kitada*, *jogo* kwa *jongoo*, *siba* kwa *simba*. Ukimwambia "umesahau n" hutapata kitu, kwa sababu hakusahau, hakuisikia. Mwambie ashike pua kidogo wakati anatamka *kitanda*, atasikia sauti inabana kwenye *n*. Kisha mfundishe *nda nde ndi ndo ndu* na *mba mbe mbi mbo mbu* kama familia zinazojitegemea, zisome, azitafute kitabuni, aziandike.

*Kunua* ni kosa la mkono. Neno *kununua* lina *nu* mbili zilizofuatana. Mtoto aliandika moja, akainua macho, akarudi akidhani amekwisha kuandika zote. Apige makofi kwa kila silabi, ku-nu-nu-a, makofi manne, kisha ahesabu kama alichoandika kina vipande vinne. Baada ya wiki kadhaa atapiga makofi hayo kimoyomoyo.

11. Anachanganya "r" na "l". Tumrekebishe vipi?

Inategemea lugha anayoisikia nyumbani. Zipo lugha zetu nyingi zisizotenganisha sauti hizi, na mtoto anaandika kama anavyosikia kwa bibi. Anza mdomoni kabla ya daftari. Tumia maneno yanayobadilika maana: *kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*. Wewe tamka, yeye aonyeshe picha inayohusika, kisha mbadilishane. Vivyo hivyo kwa *thamani* na *samani*. Asichekwe. Mtoto anayechekwa huacha kuongea, na akiacha kuongea hutasikia tena anapokosea.

12. Anageuza "b" kuwa "d", na tarakimu pia. Ni ugonjwa?

Kwa mtoto wa miaka 6 au 7 ni kawaida kabisa. Kikombe ukikigeuza bado ni kikombe, lakini *b* ukiigeuza inakuwa kitu kingine, na hilo ni jambo geni kwa akili yake. Fundisha herufi moja kwanza hadi ikae, ndipo ulete ya pili. Aiumbe kubwa mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Ikiwa bado anageuza sana baada ya miaka 8, pamoja na ugumu mwingine wa kusoma, tazama swali la 25.

13. Ni wa mashoto. Nimlazimishe kutumia mkono wa kulia?

Hapana. Akile kwa mkono wa kulia kama ndiyo adabu ya nyumbani kwenu, lakini penseli aishike kwa mkono anaouweza. Kumlazimisha kunamchelewesha na kumtia hofu ya daftari. Msaidie kwa kulaza daftari kidogo kuelekea kulia, ashike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika, na umwombe mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati ili viwiko visigongane na mwenzake.

14. Mwandiko wake hausomeki.

Mtazame akiandika, usitazame daftari tu. Mara nyingi utaona anaanza *a* au *d* kutoka chini, anabonyeza penseli mpaka inavunjika, au amekaa sakafuni daftari likiwa mapajani. Mpatie mahali pa kuegemea, hata kiti akigeuze meza na yeye akae kwenye kigoda. Penseli iwe imechongwa na daftari liwe la mistari mipana. Mistari miwili aliyoiandika kwa makini inatosha kwa siku. Kumwandikisha ukurasa mzima wa *a* kama adhabu kunazaa *a* mbaya nyingi.

15. Akiandika mwenyewe, nisahihishe makosa yote?

Usifanye hivyo. Tofautisha imla na utungaji. Kwenye imla tunapima tahajia, kwa hiyo kila neno lihesabiwe. Mtoto akiandika habari yake mwenyewe, anajaribu kazi ngumu zaidi ya kutoa wazo kichwani na kuliweka kwenye karatasi. Soma kwanza alichosema, kijibu ("Kumbe samaki walikuwa ghali?"), kisha chagua kosa moja la kufanyia kazi. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika sentensi fupi zisizo na hatari. Nimeyaona madaftari hayo: "Hii ni kalamu. Hiki ni kiti." Ukurasa baada ya ukurasa, na mtoto mwenyewe hayumo.

## Nyumbani

16. Mimi mwenyewe sijui kusoma. Nitamsaidiaje?

Utamsaidia sana. Kaa naye kwa muda ule wa swali la 4 na umwambie akusomee. Tazama kidole chake kinavyotembea chini ya maneno. Kidole kikisimama na sauti ikaendelea, anabahatisha. Akimaliza, akusimulie kwa maneno yake, nawe umuulize maswali kama unavyomuuliza mtu aliyetoka safari. Huhitaji herufi kujua kama hadithi ina kichwa na miguu.

Na una kitu ambacho kitabu hakina. Jioni ukisema "Paukwa" na watoto wakaitikia "Pakawa", ukitega "Nyumba yangu haina mlango" wakakisia yai, unawapa msamiati, mpangilio wa hadithi na subira ya kusikiliza mpaka mwisho. Mkiwa jikoni wataje vitu vinavyoanza na sauti ya *s*: sufuria, sahani, sukari. Mchezo huo ni somo lilelile la utambuzi wa sauti tunalofundisha darasani.

17. Natoka alfajiri narudi usiku, au nafanya kazi mkoa mwingine.

Kaka, dada, shangazi au msaidizi wa nyumbani anaweza kukaa naye, ili mradi ajue kazi ni kusikiliza na si kumsomea. Aliye mbali amwombe mtoto asome ukurasa na kuutuma kwa ujumbe wa sauti, kisha amjibu kwa sauti vilevile. Nina wanafunzi wanaosoma kwa bidii zaidi kwa sababu baba aliye mgodini anangoja sauti yao.

18. Hatuna vitabu. Tusome nini?

Anzeni na vilivyomo ndani: mfuko wa unga, kalenda ya ukutani, kitabu cha nyimbo, gazeti lililofungia maandazi. Kanga nazo ni kitabu cha kila siku, zina sentensi kamili, maneno mazuri, na mama anazijua kwa moyo. Jihadhari na jambo moja tu. Maandishi ya kanga ni herufi kubwa zote, na mtoto wa darasa la kwanza anazijua zaidi herufi ndogo. Mwandikie msemo uleule kwa herufi ndogo kwenye karatasi, aulinganishe. Njiani asome vibao vya daladala na majina ya maduka.

Kisha tengenezeni kitabu chenu. Kata daftari katikati, lishone kwa uzi. Mtoto asimulie jambo la leo, wewe au kaka yake aandike kama alivyolisema, yeye achore. "Kuku wetu ametotoa. Vifaranga ni sita. Kipanga amechukua kimoja." Kesho yake atazisoma sentensi hizo tatu kwa moto ambao kitabu cha shule hakimpi, kwa sababu kuku ni wao.

Kwa wenye simu ya intaneti, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure, na African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili. Bodi ya Huduma za Maktaba ina Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1967, na maktaba mikoani. Ulizia sehemu ya watoto.

19. Nyumbani tunaongea Kisukuma. Tuache, tuongee Kiswahili tu?

Msiache. Mtoto anayesimuliwa hadithi ndefu kwa Kisukuma, Kigogo au Kimakonde anajifunza kufikiri, kupanga mawazo na kuuliza, na hayo yote anakuja nayo darasani. Ongezeni Kiswahili badala ya kupunguza lugha yenu. Mkisoma kitabu cha Kiswahili, jadilini kwa lugha yenu kisha rudieni maneno mapya kwa Kiswahili.

20. Mchana anakwenda madrasa anakosoma kutoka kulia. Je, hatachanganyikiwa? Na simu na tableti je?

Kuhusu madrasa, wasiwasi mdogo sana. Watoto wa Pwani na Unguja wamekuwa wakibeba *alif, ba, ta* na *a, e, i* kwa vizazi. Mwanzoni anaweza kuanza mstari upande usio wake, mwekee nukta ndogo pa kuanzia, itapita. Chuoni amejifunza kusikia tofauti ndogo za sauti na kukaa na andiko kwa utulivu, na *dh, th, gh* na *kh* za Kiswahili kwake mara nyingi ni nyepesi. Ninachokiangalia ni uchovu. Mtoto anayetoka shule, akaenda chuoni, kisha tuisheni, hana saa ya kucheza.

Kuhusu tableti, tuna ushahidi wa hapa kwetu. Kati ya 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 vya Tanga walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja mwanzoni, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu nzuri inasaidia, basi, hasa pasipo na mwalimu. Lakini nusu nyingine ilibaki, na katuni za kutelezesha kidole si programu ya kusoma. Simu ikae upande wa msaada, baada ya dakika za kusoma na mtu.

## Shuleni

21. Darasa lina watoto zaidi ya 80. Nimuulize nini mwalimu?

Usiulize "anaendeleaje?" kwa sababu utajibiwa "vizuri". Uliza: "Yuko kwenye silabi, maneno au aya? Sauti zipi hazijakaa? Wiki hii nimsomeshe nini?" Mwalimu mwenye darasa kubwa hupumua akipata mzazi wa namna hiyo. Kama shule ina kamati au umoja wa wazazi na walimu, pendekezeni mzazi mmoja au wawili waje asubuhi kusikiliza watoto wakisoma, au mchangie vizibo vya soda na maboksi ya kukatia kadi za herufi. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haifiki mbali.

22. Tuisheni inasaidia?

Inasaidia ikiwa mtoto anasikilizwa mmojammoja kwenye ngazi yake. Ikiwa ni watoto 40 wakinakili ubao uleule wa mchana, dakika zako 15 zina thamani kubwa zaidi, na ni bure.

23. Asiposoma nimchape?

La. Mtoto mwenye hofu hubahatisha haraka ili fimbo ipite, na kubahatisha ndiko tunakopambana nako. Nimepokea watoto wanaotetemeka kitabu kikifunguliwa. Huchukua muhula mzima kabla herufi hazijaanza kuingia.

24. Tunampeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Aache kusoma Kiswahili?

Aendelee nacho. Akijua kusoma Kiswahili amejua kazi yenyewe ya kuunganisha sauti, na ataihamishia kwenye Kiingereza, ambako herufi *a* ina sauti kadhaa na mambo ni magumu zaidi. Kinachomchanganya ni kufundishwa majina ya herufi ya Kiingereza na kuyatumia kusomea Kiswahili (tazama swali la 3).

## Hali za pekee

25. Tumejaribu yote na bado. Anaweza kuwa na tatizo jingine?

Anza na mwili. Je, anasogelea ubao, anakunja macho, anashika kitabu karibu na pua? Apimwe macho. Masikio yanatoa usaha mara kwa mara? Mtoto mwenye maumivu ya masikio husikia sauti nusu, naye ataandika nusu. Ametoka nyumbani bila uji? Njaa inafanana sana na uzito wa akili ukiitazama kutoka ubaoni.

Hayo yakiwa sawa, na mtoto ni mwerevu katika maongezi na michezo lakini herufi hazikai, anasahau leo alichokijua jana, anasoma kwa taabu kubwa kuliko ndugu zake waliofundishwa vilevile, inaweza kuwa disleksia. Haina dawa ya kumeza, wala haihusiani na uvivu, laana au akili ndogo. Anahitaji njia ileile ya sauti, ila taratibu zaidi, kwa marudio mengi na kwa mikono: udongo, mchanga, kadi. Mpe muda wa ziada, na mruhusu aeleze kwa mdomo anachokijua. Omba shule ikuunganishe na mwalimu wa elimu maalumu.

26. Mwalimu anasema arudie darasa. Nikubali?

Uliza kwanza nini kitabadilika. Kurudia darasa lilelile kwa ufundishaji uleule humpa mtoto aibu na mwaka mwingine wa kitu kilichomshinda. Kinachofaa ni kufundishwa kwa ngazi yake kwa saa moja hivi kila siku, bila kujali yuko darasa la ngapi. Shirika la Pratham lilianzisha njia hiyo India, na nchi za Afrika kama Zambia zimeichukua. Ikiwa shule itafanya hivyo, akiwa darasa la pili au la tatu haileti tofauti kubwa.

27. Ana miaka 12 na hajui kusoma.

Hajachelewa. Aliyeacha shule au hakuandikishwa ana nafasi kwenye MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, wenye makundi mawili kulingana na umri. Ulizia kwa ofisa elimu kata. Aliye shuleni afanyiwe kipimo cha swali la 9, kisha aanze pale alipo, lakini asipewe kitabu chenye picha za watoto wadogo. Mwandikie silabi hizohizo kwa maneno ya umri wake: *goli, pikipiki, simu, bodaboda*. Kijana huenda mbio akianza, maana maneno anayo tayari kichwani.

28. Tunaishi London (au Muscat). Anasoma Kiingereza, anaongea Kiswahili, lakini hasomi Kiswahili.

Huyu ana kazi ndogo kuliko mnavyodhani. Anajua kusoma ni nini, na lugha anayo. Mpeni irabu tano zenye sauti moja kila moja, kwa sababu kosa lake kubwa litakuwa kusoma *e* kama *i* na *i* kama "ai". Kisha *ng'*, *ny*, *dh* na *gh*. Halafu mpeni sababu ya kusoma. Bibi amtumie ujumbe mfupi wa maandishi kwa Kiswahili kila wiki, wenye swali ndani yake, na jibu liandikwe na mtoto mwenyewe. Akiandika *nime kula*, bibi asisahihishe. Amjibu kwa sentensi iliyo na *nimekula*, na mtoto ataiona.